Toka Kabali Hadi Kifuani: Historia Fupi ya Mkanda wa Mbwa

Kwenye mageti ya mitaa yetu kuna kibao ambacho kila anayejua kusoma amekutana nacho: "Mbwa Mkali". (Wenzetu wa Nairobi huandika "Mbwa Kali", na leo tusigombane kuhusu sarufi.) Tunakichukulia kama kitu cha juzi tu, kilichokuja na kuta ndefu na nyaya za umeme. Kumbe sivyo. Katika mji wa Pompeii, kule Italia, ipo nyumba ambayo sakafu ya mlango wake imepambwa kwa vijiwe vilivyopangwa mpaka vikatoa picha ya mbwa mweusi, meno nje, tayari kuruka. Chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "jihadhari na mbwa". Mji huo ulifukiwa na mlima wa volkano Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Maana yake kibao chetu kina zaidi ya miaka 1,900.

Lakini ukiitazama picha ile vizuri utaona kitu kingine. Yule mbwa ana mkanda shingoni, na mkandani kuna mnyororo.

Pompeii ina mbwa mwingine anayesikitisha zaidi. Mwaka 1874 wachimbaji walikuta uwazi ndani ya majivu yaliyoganda. Wakamimina plasta, na ilipokauka wakapata umbo kamili la mbwa aliyekufa akiwa amejikunja, miguu juu. Shingoni alikuwa na mkanda. Wenye nyumba walikimbia, yeye alikuwa amefungwa. Kadiri mawe mepesi ya volkano yalivyojaa uani alipanda juu yake, mpaka urefu wa mnyororo ukaisha.

Nimemtaja mbwa huyu kwa makusudi, maana leo nataka tuzungumze kuhusu mkanda anaovishwa mbwa wakati wa kutembezwa, na jinsi ya kuchagua ulio mzuri. Najua wapo watakaouliza, "Nchi ina matatizo yote haya, wewe unaandika kuhusu mikanda ya mbwa?" Ndiyo, ndugu yangu. Vijana wengi wa umri wetu wanapanga au kujenga pembezoni mwa miji, na kitu cha kwanza wanachonunua baada ya geti ni mbwa. Wanamfunga mnyororo, jioni wanamtoa nje akivuta huku anakoroma, na wanaona ndivyo ilivyo. Mahali mkanda unapokaa kwenye mwili wa mbwa pana historia ndefu, na historia hiyo ndiyo inayoweza kukusaidia ukisimama dukani na pesa yako mkononi.

Kwanza tumalizane na neno. Farasi ana hatamu na lijamu, punda ana matandiko, ng'ombe wa plau ana nira. Mbwa hatukumpa kitu. Mkanda wa shingoni tunauita kola, lakini ule unaozunguka kifua na mgongo hauna jina lililokubalika. Wauzaji wa mjini husema "hanesi", neno ambalo ukikosea vokali moja tu umemtukana mtu na ugomvi umeanza. Mimi nitaita mkanda wa kifua, na wewe ukiwa na neno bora litumie.

Haya, turudi nyuma. Kaskazini mwa Saudi Arabia, sehemu za Jubbah na Shuwaymis, kuna michoro ya miambani inayoonyesha wawindaji wakiwa na makundi ya mbwa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 wanakadiria kwamba huenda baadhi ya michoro hiyo ina zaidi ya miaka 8,000. Katika baadhi ya picha kuna mstari unaotoka shingoni mwa mbwa kwenda kiunoni mwa mwindaji. Watafiti wanaisoma mistari hiyo kama kamba. Mwindaji amejifunga mbwa kiunoni ili mikono ibaki huru kwa ajili ya upinde.

Misri nako mkanda ukawa pambo. Mwaka 1899, katika Bonde la Wafalme, lilifunguliwa kaburi la Maiherpri, mtu wa karibu na jumba la mfalme aliyeishi takriban miaka 3,400 iliyopita. Pamoja naye zilikutwa kola mbili za ngozi za mbwa, zilizotiwa rangi na kupambwa kwa picha za wanyama. Mojawapo imeandikwa jina la mbwa mwenyewe, Tantanuit. Fikiria hilo. Ni watu wangapi wa zama zile waliolima na kubeba mawe ya mahekalu ambao majina yao hayajulikani, lakini jina la mbwa huyu tunalo, kwa sababu tu lilikuwa kwenye kola!

Hiyo ndiyo kazi ya asili ya mkanda wa shingoni. Unasema huyu ni wa nani, anaitwa nani, na asipite hapa. Ni kitambulisho na ni kizuizi. Kwa kazi hizo shingo inatosha, na hata leo kola nyepesi yenye kibati cha jina na namba ya simu ni kitu cha maana sana. Tatizo linaanza pale shingo inapopewa kazi ya kuvutana na mtu.

Mkanda wa kifua una ukoo mwingine kabisa. Ulitoka kwenye baridi, kwa watu waliohitaji mbwa avute.

Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, wataalamu walifukua mifupa ya mbwa na mabaki ya magari ya kuteleza juu ya barafu, yale yanayoitwa sleji. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mbwa mmoja wa hapo aliyeishi miaka 9,500 iliyopita, na ukaonyesha kwamba ukoo wake uko karibu na mbwa wanaovuta sleji siku hizi. Yaani kabla piramidi ya kwanza haijajengwa, kulikuwa na watu waliokwishagundua kwamba mbwa anaweza kuwa injini.

Sasa jaribu kufikiri kama fundi. Unataka mbwa avute mzigo siku nzima kwenye theluji. Ukimfunga shingoni, kadiri anavyovuta ndivyo anavyojinyonga, na baada ya hatua chache huna injini tena. Kwa hiyo uzito lazima uhamie mahali penye mfupa na misuli, yaani kifuani na mabegani, huku koo likibaki wazi. Wainuiti wa Greenland na Kanada walitengeneza mikanda hiyo kwa ngozi ya sili. Kila mbwa alikuwa na kamba yake, na mbwa wakatandazika mbele ya sleji kama vijiti vya feni. Mtindo huo unafaa juu ya bahari iliyoganda, maana uzito unagawanyika na barafu ikipasuka hawazami wote kwa pamoja. Kwenye misitu ya Alaska, ambako njia ni nyembamba, mbwa walifungwa wawili wawili kwenye kamba moja ndefu. Mazingira tofauti, mkanda tofauti. Kumbuka hili, tutalihitaji tukifika dukani.

Mikanda hiyo ilifanya mambo makubwa. Mwaka 1911 Roald Amundsen wa Norway alifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 14 Desemba akitumia mbwa, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya Mwingereza Robert Scott. Mwaka 1925 mji wa Nome, Alaska, ulikumbwa na ugonjwa wa dondakoo uliotishia watoto. Dawa ilisafirishwa umbali wa kama kilometa 1,085 kwa zamu, waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150, na ikafika ndani ya siku sita katikati ya baridi ya kuua. Mbwa mmoja wa msafara huo, Balto, amejengewa sanamu katika bustani ya Central Park mjini New York.

Lakini tusidanganyane. Amundsen aliondoka kambini na mbwa 52, wakarudi 11. Wengi wa waliobaki waliuawa njiani kwa mpango uliopangwa mapema, wakawa chakula cha wenzao na cha watu. Mkanda wa kifua haukuzaliwa na huruma, ulizaliwa na kazi. Anayekuuzia leo kwa maneno kwamba huu ni "mkanda wa upendo" anakupa nusu ya hadithi.

Ulaya nayo ilimvisha mbwa mkanda wa kifua kwa ajili ya mikokoteni. Mbwa alikuwa farasi wa maskini. Alivuta maziwa, mkate, nyama na wakati mwingine mwenye mzigo mwenyewe. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1839 Uingereza ikapitisha sheria iliyopiga marufuku mikokoteni ya mbwa jijini London. Mwaka 1854 marufuku ikapanuliwa nchi nzima. Ubelgiji waliendelea, na vita vilipoanza mwaka 1914 jeshi lao lilikuwa na bunduki za rashasha zilizovutwa na mbwa.

Hapa kuna kisa kidogo cha farasi ambacho ni somo kwa mtu yeyote anayependa kubishana kwa kujiamini. Mwaka 1931 afisa mstaafu wa jeshi la Ufaransa, Lefebvre des Noëttes, aliandika kwamba watu wa kale walishindwa kutumia nguvu za farasi kwa sababu mikanda yao ilimkaba koo. Hoja ilikuwa tamu, ikarudiwa vitabuni miaka na miaka. Baadaye Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, akafanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria: alitengeneza magari na mikanda kwa kufuata michoro ya kale, akafunga farasi halisi na kuwaendesha. Kitabu chake cha mwaka 1977 kilionyesha kwamba farasi hawakukabwa kama ilivyodaiwa. Mantiki peke yake haitoshi, kitu kivishwe kwanza kisha tuone. Tutakutana na somo hili tena.

Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoleta mabadiliko ninayoyapenda zaidi katika historia hii. Ujerumani ilikuwa na askari wengi waliopofuka vitani, na mwaka 1916 daktari Gerhard Stalling akafungua mjini Oldenburg shule ya kufundisha mbwa wa kuwaongoza. Mmarekani Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akiishi Uswisi, akaitembelea shule ya namna hiyo mjini Potsdam, na tarehe 5 Novemba 1927 makala yake ikatoka katika gazeti la Saturday Evening Post. Kule Nashville, kijana kipofu, Morris Frank, akasomewa makala hiyo na baba yake. Akaandika barua kuomba mbwa. Mwaka 1928 alirudi kutoka Uswisi na jike la Kijerumani aitwaye Buddy, na mbele ya waandishi wa habari mjini New York akavuka West Street, barabara iliyojaa magari, bila mtu kumshika mkono. Mwaka uliofuata ikaanzishwa taasisi ya The Seeing Eye. (Sisi waandishi wachanga tukidharauliwa na wahariri wetu tukumbuke: makala moja gazetini ilifungua njia kwa maelfu ya vipofu.)

Mtazame mbwa wa kuongoza kipofu. Amevaa mkanda wa kifua wenye mpini mgumu unaosimama juu ya mgongo. Mpini ule si wa kumvutia mbwa, ni wa kumsikiliza. Mbwa akisita mbele ya ngazi mkono wa kipofu unajua, akikunja kushoto mkono unajua. Kwa maelfu ya miaka habari kwenye kamba ilitoka kwa binadamu kwenda kwa mbwa: simama, njoo, acha. Hapa ikageuka. Anayeongoza ni aliyevaa mkanda.

Kwa bahati mbaya, wakati huo huo mbwa wa kawaida nyumbani alikuwa akifundishwa kwa njia nyingine. Mafunzo ya karne ya 20 yalitoka zaidi kwenye polisi na jeshi. Mjerumani Konrad Most aliandika kitabu chake cha mafunzo mwaka 1910, na Mmarekani William Koehler, aliyewahi kufunza mbwa wa jeshi, akatoa chake mwaka 1962. Chombo kilichotawala katika mtindo wa Koehler ni mnyororo unaojibana shingoni kila ukiuvuta. Mbwa akikosea unaukata kwa nguvu, anapata maumivu, anajifunza. Kwa Kiswahili cha mjini hiyo ni kabali. Aliyewahi kupigwa roba ya mbao usiku kichochoroni hahitaji maelezo zaidi. Mtindo huo ulisambaa duniani, na ukiuliza mtaani kwetu namna ya kumfundisha mbwa, mara nyingi utaelekezwa mnyororo huo huo.

Je, shingo inaumia kweli, au ni huruma za wazungu? Swali halali. Mwaka 2006 madaktari wa mifugo wa Marekani walichapisha jaribio la mbwa 26. Walipima shinikizo ndani ya jicho wakati mbwa anavuta. Akivuta kwa kola, shinikizo lilipanda, akivuta kwa mkanda wa kifua halikupanda kwa kiwango cha maana. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa macho hilo si jambo dogo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walivisha kola za aina mbalimbali kwenye shingo ya bandia yenye vipimo, wakavuta. Hakuna hata moja, pana au nyembamba, laini au ngumu, iliyotoa shinikizo dogo kiasi cha kuitwa salama pale mbwa anapovuta. Shingoni mna bomba la hewa, mishipa mikubwa ya damu na tezi. Mbwa wadogo wengi huwa na bomba la hewa dhaifu, na wale wenye pua bapa tayari wanapumua kwa shida kabla hujawagusa.

Basi tumeshamaliza, si ndiyo? Tupa kola, nunua mkanda wa kifua, mbwa atatembea kwa adabu. Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Kumbuka Greenland. Mkanda wa kifua wenye pete mgongoni ulibuniwa ili mbwa avute vizuri! Mwaka 2021 watafiti nchini Australia walipima mbwa 52 waliokuwa kituo cha kulelea mbwa wasio na wenyewe. Wakivaa mkanda wa kifua uliofungwa kamba mgongoni, walivuta kwa nguvu zaidi kuliko wakivaa kola. Si ukorofi. Umemvisha nguo ya kazi, naye anafanya kazi.

Kwa sababu hiyo mwanzoni mwa karne hii ilienea mikanda yenye pete mbele, katikati ya kifua. Ufundi wake ni rahisi. Kamba ikifungwa mgongoni, mbwa akivuta anakwenda mbele tu. Ikifungwa kifuani, akivuta anajigeuza mwenyewe kukutazama. Nguvu yake inamrudisha kwako, na koo haliguswi.

Na umbo? Kuna mikanda ambayo ukanda wa mbele unapita mlalo kifuani, na kuna ile yenye umbo la herufi Y, ambayo inapita katikati ya mabega. Mantiki inasema ya mlalo inazuia mguu kwenda mbele na ya Y inauacha huru. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya mbwa 9 waliopimwa wakitembea na kukimbia taratibu. Mikanda yote miwili ilipunguza mkunjuko wa bega, na ile ya Y, iliyosifiwa kuwa huru, ndiyo iliyopunguza zaidi! Spruytte angecheka. Mbwa 9 ni wachache, na mkanda wa duka moja si mkanda wa duka lingine, kwa hiyo usiende kuchoma moto mkanda wako wa Y. Lakini usinunue jina wala herufi. Mvishe mbwa, mtembeze, mtazame miguu.

Kama unadhani habari hizi ni za nchi za barafu tu, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000. Uwanjani kila panya huvalishwa kimkanda kinachozunguka kifua, kikiunganishwa na kamba iliyotandazwa kati ya wafunzaji wawili, naye anatembea huku na huku akinusa. Panya aliyezaliwa na kufunzwa hapa kwetu, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alikufa mwaka 2022 akiwa amegundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Kwa hiyo utaalamu wa kumvisha mnyama mkanda kifuani afanye kazi ya hatari bila kukabwa uko Tanzania, tena kwa panya. Mbwa wetu wa getini amekosa nini?

Sasa tuingie dukani, na historia mfukoni.

Jiulize kwanza kazi ni ipi. Kama mbwa wako ni mdogo na mtulivu, pete ya mgongoni inatosha. Kama ni mkubwa na anakuburuza kama mkokoteni wa Kariakoo, tafuta yenye pete ya mbele. Kama ana pua bapa, anakohoa akivutwa, au ana ugonjwa wa macho, usifunge kamba kwenye kola kabisa. Mkanda unaojikaza unapovutwa uache dukani, hata kama umeandikwa maneno mazuri.

Pima kabla ya kununua. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, pale palipo papana kuliko pote. Kisha pima chini ya shingo, pale inapokutana na mabega. Usinunue kwa "mkubwa, wa kati, mdogo", maana wa kati wa kiwanda kimoja ni mdogo wa kingine. Mbwa anayekua mchukulie unaoweza kurekebishwa sehemu nyingi, na umpime upya kila baada ya wiki chache.

Akishavaa, vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, kila upande. Vitatu vikipita kwa urahisi, atatoka. Mkanda usiingie kwapani, maana hapo ngozi ni laini na kwa joto la pwani atachubuka kabla mwezi haujaisha. Ukanda wa mbele ukae juu ya mfupa wa kifua, usipande kooni. Ukipanda kooni umenunua kola ya bei mbaya. Halafu fanya jaribio la kutoroka ukiwa ndani ya geti: simama mbele yake, vuta kamba taratibu kuelekea kwako huku yeye akirudi nyuma. Mbwa wengi hutoka hivyo, kinyumenyume. Bora ujue uani kuliko barabarani.

Angalia mishono na pete. Pete iwe ya chuma kilichofungwa kikamilifu, isiwe waya uliokunjwa. Usipopata saizi dukani, fundi wa mabegi anaweza kukushonea kwa mkanda wa nailoni ule ule wa mabegi, ukimpa vipimo na kumwambia ashone mara mbili kila penye mvuto. Kitambaa kiwe chepesi, chenye matundu. Mkanda mnene wenye manyoya ndani uliotengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya ni adhabu saa nane mchana.

Ukirudi nyumbani, uvue. Mwachie kola nyepesi yenye jina, kama Tantanuit. Na usitegemee mkanda ufundishe. Pete ya mbele inakupunguzia mzigo, lakini kutembea pamoja ni somo: akilegeza kamba songa, akivuta simama, mpe kitu akirudi ubavuni kwako. Rudia. Mwanzoni mtachukua nusu saa kufika duka la pili.

Jambo la mwisho ni la jirani. Tunaishi na watu wengi ambao kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi, na wengine waliwahi kung'atwa wakiwa watoto na hofu haijawatoka. Kichaa cha mbwa bado kinaua. Kwa hiyo chanjo iwe ya kwanza, mkanda wa pili. Mbwa aliyevaa mkanda unaomkaa, kamba fupi, mwenye uwezo wa kugeuzwa kwa mkono mmoja, anampa mpita njia haki yake ya barabara. Na kwa wanaosema mbwa ni mbwa tu, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Wengi wa wanaofuga hawajawahi kuisikia.

Jioni ya leo ukimtoa mbwa wako, usitazame simu kwa dakika tano za kwanza. Msikilize pumzi. Ukisikia anakoroma na kukohoa huku kamba imekaza, mkanda uko mahali pasipo pake. Mrudishe ndani, tafuta futi, anza na kifua.